Faili Lililofungwa

Katika karakana ya Geresom pale Bugembe, kompyuta haikuhesabiwa kuwa imepona mpaka iimbe. Ukishabadilisha betri, ukishapuliza vumbi la miaka, unachomeka ile spika nyeusi ya USB iliyokaa juu ya rafu, unapiga wimbo wowote, wa kwaya au wa harusi, na mafundi wote wanatikisa kichwa. Imeimba. Mpigie mwenyewe aje aichukue. Mzee Geresom aliinunua spika hiyo zamani na aliipenda kuliko baadhi ya jamaa zake, na hakuna fundi aliyewahi kuuliza kama kuna njia nyingine ya kupima sauti.

Zulaika aliifuata kanuni hiyo kwa miaka tisa. Jumamosi jioni aliichomeka spika kwenye kompyuta ya Racheal, akabonyeza kitufe, na sauti kavu ya kike ikajaza karakana ikisoma kila kilichokuwa kwenye kioo: saa, tarehe, betri asilimia themanini. Racheal, aliyekuwa ameketi kwenye benchi la wateja na mkoba wake magotini, akaangua kicheko.

"Huyo ndiye Binti Bati wangu," alisema. "Wiki mbili nimemkosa."

Racheal haoni. Surua ilimpofusha akiwa na miaka minne, kwao Malukhu, Mbale. Sasa alikuwa na ishirini na sita, akiishi Mafubira kwa shangazi yake, na alichapa haraka kuliko mtu yeyote mwenye macho mawili ambaye Zulaika aliwahi kumwona. Hakugusa kipanya. Vidole vyake viliagiza, Binti Bati alisoma, na kazi ilikwenda. Kompyuta yake ya zamani ilipokufa, shangazi alihangaika mpaka akampatia hii, iliyotumika kidogo na ya juzijuzi, na Zulaika akapewa kazi ya kuiwekea mfumo.

Haraka yote ilitokana na barua. Racheal alikuwa amebisha hodi katika ofisi kumi na moja akiomba ukarani, na zote kumi na moja zilimwambia tutakuita. Ya kumi na mbili, shule ya watoto wa askari magereza huko Malukhu, ndiyo pekee iliyokubali kumpa mtihani, Jumapili saa saba mchana. Barua ilitoka kwa mkuu wa shule, Afande Docus, na ilikuwa na sharti moja. Mwaka uliotangulia mtu mmoja alifanya mtihani huku akinong'onezwa majibu na kidude cha sikioni. Kwa hiyo mtahiniwa aje na kompyuta yake, isichomekwe kitu chochote, na inachomwambia itamke waziwazi wajumbe wote wasikie. Asiyetimiza hayo atahesabiwa kuwa hakufika.

Zulaika alimsomea Racheal barua hiyo mara mbili, polepole. Halafu, kwa mazoea ya miaka tisa, akachomeka spika na kupima.

Kichwa cha Zulaika nacho kinahitaji maelezo kidogo, maana kilichangia. Babu yake alikuwa miongoni mwa wale wanajeshi wenye asili ya Sudan. Baba yake, Faraj, alibeba redio ya jeshi katika miaka ambayo watu wakisikia Kiswahili, lugha ya askari, mlangoni walizima taa. Faraj alikabidhiwa sanduku lililofungwa, akaambiwa alibebe na asiulize. Alilibeba miaka minane bila kujua lilikuwa na nini, na jambo hilo lilimkaa rohoni hata baada ya kuvua sare. Kitu cha kwanza alichomfundisha binti yake ni kushika bisibisi. Kila redio na kila saa ya ukutani iliyoingia nyumbani kwao ilifunguliwa kabla haijatumika, na mama yake, Juwairiya, alizoea kunywa chai katikati ya skrubu.

Ndiyo maana Zulaika aliipenda Linux, mfumo wa kompyuta usiofichwa, tangu siku ya kwanza. Ukitaka kujua kinachofanyika ndani, unafungua na kusoma mwenyewe. Lakini Linux ina matoleo mengi, na katika hayo yote yeye alichagua lile lisilomwekea mtu faili lolote ambalo ndani yake hapasomeki. Mteja akilalamika kwamba kitu fulani hakifanyi kazi, Zulaika alimtafutia kifaa kingine badala ya kubadilisha mfumo. Alikuwa mkaidi, na ukaidi huo aliuita msimamo.

Mtu mmoja tu alimwambia usoni kuwa ni ukaidi. Huyo ni Tonny, Mmasaba wa Malukhu aliyekaa naye meza moja kwa miaka minne. Tonny alitumia toleo linalokuja na kila kitu, kilicho wazi na kilichofungwa, na walibishana juu ya hilo asubuhi na mchana mpaka Mzee Geresom akawatenganisha meza. Mwishowe Tonny alirudi kwao, akapewa chumba cha kompyuta katika shule hiyohiyo ya Afande Docus. Jumamosi ile alipiga simu.

"Umemwekea toleo gani?"

Zulaika akamtajia.

"Mama yangu. Hiyo mashini iko mpya-mpya. Dini yako itakuaibisha mbele ya afande."

"Imeimba, bwana Tonny. Karakana nzima imesikia."

"Kama imeimba, kale, haya. Mi nawangoja."

Zulaika alikata simu akiwa na tabasamu la mtu aliyekwisha shinda.

Waliondoka Bugembe kabla ya jua, na saa nne na nusu walikuwa langoni Malukhu. Ilikuwa siku ya wageni. Wazazi wenye vikapu walijipanga hadi nje barabarani, na askari wa zamu alizipokea simu zote, akaziandika daftarini, akazitia kwenye sanduku la mbao.

"Simu iko nabaki hapa," alisema. "Ukitoka, unapanga laini upya. Hakuna kusema nilikuwa ndani."

Tonny aliwapokea mlangoni pa chumba cha kompyuta. Alimsalimu Racheal kwa Kimasaba, mulembe, naye Racheal akaitikia kwa uso uliochangamka, kwa sababu alikuwa nyumbani. Zulaika naye alikuwa na furaha ya kupita kiasi. Alijishughulisha kana kwamba mtihani ni wake. Alimchagulia Racheal meza, akamwekea kompyuta mbele yake, akaiwasha, akarudi nyuma hatua mbili ili Tonny aone vizuri.

Kioo kikawaka na mfumo ukafunguka. Racheal alikuwa ameweka vidole juu ya kibodi na ameinamisha kichwa kidogo, kama afanyavyo siku zote akimsubiri Binti Bati aamkie. Alisubiri. Akabonyeza, akasubiri tena.

"Dada Zulaika," alisema, "mbona haisemi?"

Zulaika alipandisha sauti mpaka mwisho. Kimya. Aliwasha upya. Kimya. Alichomeka visikizio vya waya mdogo alivyokuwa navyo mkobani, akaweka sikioni, akasikia kimya kilekile. Hapo ndipo alipokumbuka rafu ya Bugembe na ile spika nyeusi juu yake. Spika ya USB huja na kadi yake ya sauti ndani, kadi rahisi ambayo kila toleo la Linux linaijua. Jana yote iliyoimba ni spika ya Geresom. Mdomo wa kompyuta yenyewe haukuwa umefunguka hata mara moja, na yeye, fundi wa miaka tisa, hakuwa amechomoa waya kuuliza.

"Ni kosa langu," alisema. Halikuwa neno alilolizoea, na lilimtoka kwa shida.

"Saa ngapi sasa?" Racheal aliuliza.

"Saa tano kasoro."

"Basi kuna saa mbili," Racheal alisema. Sauti yake ilikuwa tulivu, ila mikono aliiondoa kwenye kibodi akaikunja mapajani, juu ya sketi ya bluu ambayo shangazi yake aliipiga pasi mara mbili.

Zulaika alifungua kumbukumbu za kuwaka, yale maandishi marefu ambamo kompyuta huandika kila ilichofanya tangu ilipowashwa, akakimbiza macho mpaka penye neno la sauti. Ilikuwa vile alivyoogopa. Kadi za sauti za siku hizi zina kijikompyuta chake ndani, na kijikompyuta hicho huamka kikiwa kitupu. Kila unapowasha mashine, lazima mfumo ukimiminie faili dogo kutoka kwa mtengenezaji, ndipo kijue kazi yake. Faili hilo limefungwa, ndani hapasomeki. Toleo la Zulaika halikulipiga marufuku, ila halikumbebea. Lilikuwa limewekwa kando, katika ghala la mtandaoni, alitakaye akalichukue mwenyewe.

"Mtandao wenu uko wapi?" alimuuliza Tonny.

"Umelala tangu Ijumaa. Mpaka kesho."

"Simu yako?"

"Langoni, na ya kwako. Sisi wote ni wageni leo." Tonny alijizuia kucheka lakini mabega yalimsaliti. "Hizi za mezani za shule hazina spika ndani, la sivyo zingefaa. Ngoja. Niko na dawa."

Alifungua droo, akatoa flashi iliyofungwa uzi mwekundu. Ndani yake mlikuwa na toleo lake, linaloweza kuwaka kutoka kwenye flashi bila kugusa kilichomo kwenye kompyuta. Aliinua flashi hiyo juu kidogo ili Zulaika aione vizuri.

"Hii inakuja na kila kitu," alisema. "Faili la sauti liko ndani. Tunawasha, inasema, halafu tunaisimika juu ya hiyo dini yako. Nusu saa imekwisha."

Zulaika aliitazama flashi. Kushindwa na Tonny kulimuuma, lakini Racheal alikuwa amekaa pale na mikono mapajani, na ofisi ya kumi na tatu haikuwepo.

"Chomeka," alisema.

Tonny akachomeka. Kompyuta ikawaka na picha yenye rangi nyingi, toleo lake likajitandaza kwenye kioo, na Tonny, kwa madaha yote ya mpishi anayefunua sufuria mbele ya wageni, akabonyeza kitufe cha kujaribu sauti.

Kimya.

Alibonyeza tena. Akapandisha sauti. Akaigonga kompyuta ubavuni, jambo ambalo Mzee Geresom angemfukuzia karakanani. Na hapa ukweli usemwe: kwa pumzi moja nzima Zulaika alifurahi. Alifurahi kabisa, kisha akamtazama Racheal, akaona aibu mpaka masikio yakamwaka.

"Haiwezekani," Tonny alisema. "Faili liko. Mi naliona. Hili hapa."

"Basi toleo lako nalo ni bubu."

"Bubu ni la kwako."

"La kwangu linajua kwa nini ni bubu. Sikiliza," Zulaika alisema, akachukua karatasi aliyokuwa amenakilia yale maandishi ya kwanza, akasoma kwa sauti, akiyageuza kwa Kiswahili njiani, neno kwa neno, ili kumkomoa. "Kadi ya sauti imeonekana. Mashine imetambuliwa. Faili la kadi linaombwa. Faili halikupatikana. Kadi imeachwa."

"Na la kwangu linasema nini? Mi pia najua kusoma." Tonny aliinama kwenye kioo na kusoma kwa hasira ileile. "Faili la kadi limepatikana. Faili limemiminwa. Kadi imeamka. Mashine haitambuliwi. Njia ya spika haijulikani. Kadi imeachwa."

"Kadi imeachwa, kadi imeachwa. Tumefanana."

"Hatujafanana hata kidogo."

"Jamani," Racheal alisema. "Someni tena, zote mbili. Polepole kama mnanisomea mimi."

Wakaacha kubishana. Walikuwa wamesahau kwamba wanasoma mbele ya mtu ambaye maisha yake yote amesikiliza maandishi kutoka mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, kwa sababu hana njia ya kuruka mstari kwa jicho. Zulaika alisoma yake tena. Tonny akasoma ya kwake. Racheal alikuwa ameinamisha kichwa, na vidole vyake vilikuwa vikihesabu juu ya goti.

"Kimya cha kwanza na kimya cha pili si kimoja," alisema. "Ya dada Zulaika inamjua mtu, yaani mashine, lakini imekosa faili. Ya bwana Tonny iko na faili, lakini haimjui mtu. Si ndivyo mmesoma?"

Zulaika alimtazama Tonny, Tonny akamtazama Zulaika. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka miwili kutazamana bila kutafuta pa kuumizana.

"Flashi hii uliitengeneza lini?" Zulaika aliuliza taratibu.

Tonny alikuna kichwa. "Mwaka juzi."

"Kiini chake ni cha mwaka gani?"

"Cha nyuma zaidi. Toleo langu hushika kiini kimoja miaka, halibadilishi ovyo. Ndiyo uzuri wake, kitu kikifanya kazi leo, kesho pia kinafanya." Alikwisha elewa, sauti ilimpanda mwenyewe. "Mashini yenyewe imezaliwa baadaye. Kiini hakijawahi kuisikia."

"Nielezeni na mimi," Racheal alisema. "Si ni Linux moja?"

Zulaika alivuta kiti akakaa mbele yake. Msisimko ulikuwa umemshika hata maneno yakagongana. "Kiini, yaani moyo wa mfumo, ni kimoja, na hutengenezwa pahali pamoja kwa wote. Humo ndani ndimo zinamokaa draiva, zile sehemu zinazojua kuongea na kila kifaa. Lakini kila toleo lina wenyewe, na wenyewe hao huamua mambo mawili. La kwanza, wachukue kiini cha lini. Wa kwangu huchukua kipya kila mara, wa Tonny hukaa na cha zamani walichokipima. La pili, wakubali nini kiingie pamoja nacho. Wa Tonny hukubali mafaili yaliyofungwa, wa kwangu huyaacha nje. Ndiyo maana kompyuta moja hapa inaongea, pale inanyamaza."

"Kama malewa, yale machipukizi ya mianzi," Racheal alisema. "Yanatoka mlima mmoja, lakini kwa mama yangu yanapikwa na karanga, kwa jirani bila."

"Ndiyo. Na leo sisi tunahitaji chungu cha kwangu na karanga za Tonny."

Tonny alikwisha kaa kwenye kiti cha pili. Mpango ulikuwa mwepesi ukishauona: kuwasha toleo la Zulaika lenye kiini kipya, kuchomeka flashi ya Tonny kama ghala tu, kunakili faili la sauti kutoka humo hadi mahali kiini kinapolitafuta, kuchomoa, kuwasha upya. Ilikuwa saa sita na dakika kumi. Zulaika aliandika amri, akafika kwenye faili lenyewe, akaliona jina lake kwenye kioo. Kwa mazoea alilifungua aone ndani. Zikatoka alama zisizo na maana, mraba na vitone, ukurasa baada ya ukurasa.

Kidole kikabaki hewani. Ilikuwa ni upumbavu, na yeye alijua hivyo, lakini alimwona baba yake akipanda lori na lile sanduku mgongoni. Hakuwahi hata siku moja kumwekea mteja kitu asichoweza kumwambia kina nini.

"Kuna nini?" Racheal aliuliza.

"Sijui kilichomo," Zulaika alisema. "Nakuwekea kitu kwenye kompyuta yako, na sijui kilichomo. Limefungwa."

Racheal aligeuza uso upande wa sauti yake. Alipojibu hakuwa na ukali wowote.

"Dada Zulaika, barua ya afande ilipofika, nani alinisomea?"

"Mimi."

"Cheti changu cha shule, kadi ya hospitali, karatasi aliyonipa shangazi niweke kidole. Kila karatasi niliyopewa tangu nizaliwe ilikuwa imefungwa hivyo. Huwa nauliza nani ameileta, halafu nachagua kumwamini au kutomwamini. Hilo faili nimeuliza, mmenijibu. Na kompyuta ni yangu. Liweke."

Zulaika akaliweka.

Tonny akachomoa flashi. Zulaika akabonyeza kuwasha upya, kisha akajikuta ameushika mkono wa Tonny, naye hakuutoa. Kioo kikazima. Kikawaka. Mistari ikapita. Mfumo ukafunguka, na kwa kitambo cha kupepesa jicho hakukuwa na kitu.

"Karibu," ilisema kompyuta kwa mdomo wake wenyewe, sauti kavu ya bati. "Saa sita na dakika ishirini na mbili. Betri asilimia tisini na moja."

Racheal alipiga kigelegele kilichowashtua wazazi waliokuwa uwanjani, na mtoto mmoja akachungulia dirishani kuona nani ameoa. Tonny alikuwa akiruka huku ameshika kiuno. Zulaika alicheka, kisha akalia, kisha akacheka tena, na vyote vilikuwa furaha ileile.

Saa saba kamili walimkalisha Racheal mbele ya wajumbe watatu. Afande Docus, mwanamke mrefu mwenye sare iliyonyooka, aliizunguka kompyuta, akaangalia pande zote kama kuna kilichochomekwa, akaridhika. Zulaika na Tonny waliruhusiwa kukaa nyuma, kwa sharti wasikohoe hata kidogo.

"Anza," alisema afande.

Racheal akaanza, na Binti Bati naye akaanza, kwa ile kasi ambayo Racheal alimwekea miaka mingi, kasi ya mahindi yakikaangwa kwenye sufuria. Wajumbe wakatazamana.

"Imeharibika hiyo?" aliuliza mmoja.

"Hapana, afande. Ndivyo ninavyomsikia. Niwapunguzie?"

Akapunguza, robo kwa robo, mpaka Afande Docus aliponyanyua mkono kwamba hapo anaelewa. Ilibidi Racheal afanye kazi yote kwa mwendo huo uliomchosha kama kutembea na mtoto, na bado alimaliza kabla ya muda. Aliandika barua kwa wazazi kwa imla. Alitafuta makosa sita yaliyofichwa katika ratiba, akapata saba, na mjumbe aliyeitunga ratiba akaikagua, akakubali la saba kwa kuguna. Alipanga majina ya wanafunzi mia moja na arobaini, huku kompyuta ikitamka kila hatua na wote wakisikia. Zulaika alikuwa ameuma ncha ya mtandio wake. Kila neno la ile sauti lilimpita mwilini kama la mtoto wake akisoma madrasa mbele ya watu.

Wajumbe waliinamiana, wakanong'ona kwa muda ambao Tonny baadaye aliapa ulikuwa saa nzima. Ulikuwa dakika tano.

"Barua ya mwisho," alisema Afande Docus. "Nakusomea, wewe andika. Fungua ukurasa mpya."

"Tayari, afande."

"Tarehe ya leo. Kwa Racheal Nambozo, Malukhu."

Vidole vya Racheal viliandika, na Binti Bati akarudia: Racheal Nambozo, Malukhu.

"Baada ya mtihani uliofanyika leo mbele ya wajumbe watatu, shule inakuajiri kuwa karani wa ofisi, kuanzia—" Afande alisimama. "Mbona umeacha kuandika?"

"Samahani, afande."

"Kuanzia Jumatatu ijayo. Soma tena, tusikie kama hakuna kosa."

Racheal akabonyeza. Ile sauti kavu, isiyojua furaha wala huzuni, ikaisoma barua yote katika chumba kile, tangu tarehe mpaka Jumatatu ijayo, na hapakuwa na kosa. Waliichapa kwenye printa ya shule. Afande Docus akatia sahihi, akapiga muhuri, akaipeleka karatasi mikononi mwa Racheal.

Nje, karibu na lango, wakisubiri kurudishiwa simu zao, Zulaika aliona Racheal bado ameishika barua hiyo kwa mikono miwili.

"Lete nikusomee," alisema, kwa mazoea.

Racheal aliikunja mara mbili, akaitia kifuani.

"Hii sihitaji," alisema. "Najua kilichomo."